Shangazi Kakatazwa Kuinama

Julai ya mwaka 2009 kusi ilivuma Lamu bila huruma. Mashua nyingi zilibaki zimefungwa, samaki wakaadimika sokoni, na katika majira hayo hayo shangazi yangu akapata nafasi Mombasa ya kutolewa mtoto wa jicho. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu zamani, hata uzi wa sindano akitungiwa na watoto wa jirani. Nafasi nyingine zilikwishampita, na kila mara kisingizio kilikuwa kimoja: paka nitamwachia nani? Mwaka ule mimi nilikuwa likizoni kutoka chuoni Nairobi, sina kazi wala pa kwenda. Kisingizio kikafa.

Usiku wa kuamkia safari alinikalisha msanani, sebule ya ndani, akaniusia. Nilitarajia kuusiwa mtungi wa gesi, komeo la mlango wa mbele, na jirani fulani aazimaye sufuria akarudisha bila mfuniko. Hayo aliyapitia harakaharaka. Yaliyobaki, mpaka kahawa ikapoa, yalikuwa ya paka wanne.

Asiyeijua Lamu ataona ni makuu. Pale paka ni wa mtaa kabla ya kuwa wa mtu. Vichochoro ni vyembamba, mizigo inabebwa na punda, na kila baraza ina paka wake, wembamba, miguu mirefu, shingo iliyonyooka. Wageni wanaokuja kuutazama mji wa kale, ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, huwapiga picha na kuambiana kwamba hao ni kizazi cha paka wa Mafirauni. Shangazi akiyasikia hayo hucheka. “Firauni gani alikula vichwa vya dagaa?”

Wanne wake hakuwachagua. Waliingia wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakaamua kuwa hapo ni kwao.

“Nahodha atakupiga kichwa,” aliniambia. “Mpe goti. Usimkwepe, ataona umemkana.” Na kweli, asubuhi yake dume hilo lenye sikio lililochanika lilinijia mkia wima, ncha imepinda kidogo, likanigonga ugoko kwa paji lake la uso, likajisugua kuanzia shavu mpaka ubavu, likazunguka, likarudia. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, pajini mwa uso na shinani mwa mkia, na anapojisugua anakuachia alama yake: umeandikwa kuwa wa nyumba hiyo. Mkia wima nao ni salamu, tena ya kitoto, maana ndivyo paka mchanga anavyomwendea mama yake. Mtaani Nahodha alikuwa akiogopwa na madume wenzake. Ndani ya mlango wetu alisalimia hivyo, bila haya.

Somo alipewa jina hilo kwa sababu akilipata paja la mtu hulikanda kama somo, yaani kungwi, anavyomsinga bibi harusi: mkono huu, mkono huu, vidole vimepanuka, macho yamefumba, na mngurumo kifuani usiokatika. Ni mazoea ya kunyonya. Kipaka hukanda titi la mama ili maziwa yatoke, na wengine hawaiachi tabia hiyo hata wakizeeka. Somo alikuwa akitoa na udenda. Shangazi alimwekea leso yake maalumu, iliyochakaa, ya kutandika pajani kwa ajili ya makucha.

Kisha Msumeno. Huyu alikuwa mwembamba wa rangi ya mchanga, na jina lake lilitokana na sauti. “Msumeno hataki chakula, anataka jawabu,” Shangazi alisema, akarudia ili isinipotee. “Mwambie chochote. Mimi humsomea bei za sokoni.” Nilidhani ni utani. Baadaye nilisoma kwamba paka wazima, wao kwa wao, hawaliliani ‘nyau’ ila kwa nadra sana; mlio huo ni wa mtoto kwa mama yake, na anayeishi na watu huendelea kuutumia kwa watu. Kwa hiyo kelele zote zile tulikuwa tumekusudiwa sisi. Nilianza kumhadithia mitihani yangu. Nikinyamaza tu kuvuta pumzi, ananijibu. Nikiacha kabisa, anaanza upya kwa sauti ya juu zaidi, mpaka jirani wa ng’ambo ya kichochoro akauliza nina mgeni gani asiyelala.

Shangazi alipofika kwa wa nne alishusha sauti, ingawa mwenyewe hakuwepo.

“Kizuka usimguse. Kizuka mwangalie mato.” Mato kwa Kilamu ni macho.

Alikuwa jike la kijivu lenye doa jeupe kooni. Hutokea, hutoweka. Hajawahi kubebwa na mtu. Chakula chake hakili mpaka umeondoka. Tangu nilipokuwa nikija likizo nilimhesabu kuwa ni paka wa nje anayekuja kuiba, na siku hiyo ndipo nilipoambiwa kuwa ana miaka mingi zaidi katika nyumba ile kuliko Nahodha. “Ukikutana naye,” Shangazi aliniambia, “fumba mato polepole, fumbua polepole, kisha tazama kando. Akikufumbia na yeye, basi keshakupa mkono.”

Akaondoka na mashua ya alfajiri kwenda Mokowe kupanda basi, nami nikabaki na ngazi, taa na macho ya Kizuka.

Mahali pake palikuwa kwenye ngazi ya kwenda darini, kidato cha tatu kutoka juu, ambapo anaiona kiwanda yote, yaani ua wa ndani wa nyumba, na mlango wa mbele. Kila baada ya magharibi nilikaa chini kiwandani, penye wazi, nikamfumbia macho. Naye akanitazama namna mtu anavyosubiri ukuta umalize maneno yake. Nilijihisi mjinga. Msumeno alikuwa kando yangu akipiga soga, Somo yuko pajani, Nahodha keshaninukisha miguu yote miwili, na mimi nashughulika na yule asiyenitaka! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wale watatu niliwapata bila jasho.

Jioni moja umeme ulikatika. Niliwasha kandili nikaiweka sakafuni, upepo ukawa unaichezea. Kizuka alikuwa amekunja mikono chini ya kifua, na kwa ile nusu giza mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka jicho zima likawa jeusi. Nikafumba, nikafumbua, nikageuza uso upande wa zidaka za ukutani. Nilipomtazama tena kwa pembeni, kope zake zilikuwa zinashuka. Zilifika nusu, zikasita. Zikashuka tena mpaka ukabaki mstari mwembamba wa kijani, ukakaa hivyo kwa pumzi mbili tatu, kisha zikapanda. Papo hapo akageuka, akaanza kuramba mkono wake kana kwamba hakuna lililopita kati yetu.

Matokeo ya mitihani hayajawahi kunifurahisha vile. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walitangaza majaribio yao: paka hufinya macho zaidi anapofanyiwa hivyo na mtu, na humsogelea zaidi mgeni aliyemfumbia macho polepole kuliko aliyekaa na uso wa kawaida tu. Niliyasoma nikiwa kazini nikacheka peke yangu. Shangazi alikuwa amelijua hilo akiwa na jicho moja na nusu.

Siku ya Shangazi kurudi, binamu yangu, mwanawe wa kiume anayeishi Mombasa, alinipigia simu wakiwa njiani. Operesheni imekwenda vizuri. Mama amekatazwa kuinama, kubeba kizito, kulisugua jicho, na kuliacha likaingia uchafu. “Kwa hiyo paka wafungie darini. Sitaki kuona hata unywele.” Binamu huyu hajapenda paka maishani mwake; anasema wanamtazama anapokula. Niliwakusanya watatu nikawafungia. Kizuka ningemkusanyaje? Alikuwa pale kwenye kidato chake, ananiangalia nikipanda na kushuka.

Baada ya alasiri wakabisha hodi. Shangazi alikuwa amevaa miwani myeusi, na chini yake, kwenye jicho la kulia, kikombe cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta. Nikambusu mkono. Hakuuliza habari za nyumba.

“Wako wapi?”

“Mama, daktari kasema,” binamu alianza.

“Daktari kasema nisiiname. Nilikuwepo. Hakusema wafungwe.” Alikuwa bado amesimama kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, buibui imejaa vumbi la njiani. “Wewe umesoma madrasa. Yule mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, aliishia wapi?”

Binamu akanyamaza; alijua ni Motoni.

“Na Abu Qatada, yule Sahaba, paka alipokuja kunywa maji yake ya udhu, alifanya nini?”

“Alimwinamishia chombo,” binamu alijibu kwa shida.

“Akamwambia nini mke wa mwanawe aliyekuwa akishangaa? Kwamba Mtume amesema hawa si najisi, ni katika wanaokuzungukieni. Basi waache wanizunguke. Mimi sitainama.”

Hadithi hizo mbili hakuna asiyezijua, na hakuna anayeweza kuzishinda kizingitini kwa mama yake. Nikaenda kufungua.

Msumeno alitangulia kwa sauti kabla ya mwili. Nahodha alimpita ngazini, akafika, akampiga Shangazi kichwa gotini kwa nguvu za siku zote alizokuwa hayupo, na Shangazi akayumba. Binamu akamdaka mkono. Ndipo sote tukaliona tatizo: paka wote wanaomba kule chini, na mtu anayeombwa hawezi kushuka. Nahodha alizunguka, akajisugua kwenye buibui, akainua uso kungoja mkono. Mkono haukuja. Akarudia. Akaketi, akamtazama, na mkia ule uliokuwa wima ukalala.

“Ngoja, bwana,” Shangazi alimwambia. Akatembea amenyooka kuliko nilivyowahi kumwona, akaketi kitandani msanani, mgongo ukutani. “Ndoo!” akamwita, yaani njoo. Nahodha akaruka, akatia kichwa chini ya kiganja chake, akakisukuma juu mwenyewe. Kazi yote ikawa yake. Kiganja kilikaa tu.

Somo alifuata, moja kwa moja kuelekea kifuani. Hapo hata mimi nilishtuka, maana akisimama kukanda pale, manyoya na mkia vingefika kwenye plasta. Shangazi aliomba leso. Akaikunja, akaiweka kando ya paja lake, akaipigapiga. Somo akainusa, akafikiri, akaanza kuikanda leso, mngurumo ukaanza, na udenda. Kumbe hakuwa na haja na nyama ya mtu. Alitaka leso iwe ubavuni mwa mtu.

Msumeno alihudumiwa kwa maneno. Alipewa habari za basi lililoharibika gurudumu, wali wa hospitali usio na chumvi, na bei ya dawa ya matone, ambayo kwa kweli ilitajwa ili binamu na mimi tuisikie. Alijibu kila sentensi.

Nikainua macho. Kizuka alikuwa kwenye kidato chake.

Shangazi alivua miwani. Upande mmoja kikombe cha plastiki, upande wa pili jicho la kushoto, nalo limechoka kwa safari. Akatazama ngazini, akalifumba polepole hilo moja, akalifumbua, akageuza uso.

“Mama,” binamu alisema, “unamkonyeza paka?”

Nilicheka nikashika ukuta. Shangazi naye alijizuia, mabega yanamtikisika. “Usinichekeshe, nimekatazwa!” Hakukatazwa hilo, lakini hapakuwa na wa kubisha tena. Kule ngazini Kizuka alikuwa amesimama. Alishuka vidato vyote, akavuka kiwanda pembezoni mwa ukuta, akampita binamu bila kumjali, akaruka juu ya kitanda upande ule wa mwisho. Akaketi mbali kiasi cha mkono mmoja. Karibu zaidi ya hapo hakuja, na Shangazi hakumwita. Kizuka akafumba macho yake mawili, akayaacha yamefumba.

Binamu alilala kwetu usiku ule, mlango wa chumba wazi kwa ajili ya joto, kanzu yake ametungika, makubadhi yake ameyapanga mlangoni kwa adabu. Alfajiri, kabla ya adhana, tuliamshwa na ukelele wake. Ndani ya kubadhi la kulia mlikuwa na panya. Kwa usahihi zaidi, nyuma ya panya: miguu miwili na mkia.

Paka jike huwaletea watoto wake mawindo, na anayeishi na watu huwaletea watu. Mimi katika kukaa kwangu kote sikuletewa kitu, na nakiri wivu kidogo ulinipanda.

“Nani kafanya hivi?” binamu alipiga kelele.

“Kizuka,” Shangazi alijibu kutoka chumbani kwake, bila hata kuuliza ni nini. “Kakuona huna kitu. Mwambie ahsante.”

“Mbona nusu?”

“Hajakuzoea.”