Ulimi wa Kiatu na Upote wa Upinde

Mwezi wa Juni mwaka 2017, nilipokuwa nimepanga chumba Majengo, mjini Moshi, nilinunua upinde wa kampaundi kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao Ulaya. Alinikabidhi na mishale sita, kipande cha nta kilichobaki kama ncha ya kidole, na neno moja ambalo sikulitilia maanani: nisiache upote, yaani kamba ya upinde, ukauke.

Uta wa wazee wetu hutegwa wakati wa kazi, na kazi ikiisha upote hulegezwa, mti ukapumzika. Upinde wa kampaundi hauna mapumziko hayo. Kifaa hiki, ambacho Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969, kina magurudumu yaitwayo kemu kwenye ncha za mikono yake, yaani zile sehemu mbili za upinde zinazojipinda, na hayo ndiyo yanayompunguzia mpigaji mzigo: kuuvuta upinde wangu kulihitaji nguvu ya pauni 50, lakini ukishavutwa hadi mwisho mkono wangu ulibaki umebeba pauni 10 au 12 tu. Anayelipia raha hiyo ni upote, kwa kuwa usiku na mchana, uwe umetundikwa ukutani au umelazwa ndani ya begi, umekazwa, na hauwezi kutolewa bila presi ya kuibana mikono ya upinde.

Kila Jumamosi nilipanda basi dogo hadi Boma Ng'ombe, kwenye shamba la binamu yangu, tukapiga shabaha kwenye magunia tuliyoyashindilia matambara. Anayepajua Boma Ng'ombe wakati wa kiangazi anajua upepo wake na vumbi lake, lile laini linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Kufikia Agosti upote ulikuwa umeota vinyweleo kuanzia juu hadi chini, na nta niliyoachiwa ilikuwa imekwisha.

Jioni moja nikachukua mshumaa. Niliusugua kwenye upote mzima, hata kwenye sevingi, yaani zile sehemu zilizozungushiwa uzi mwingine pale mshale unapochomekwa na pale upote unapokaribia kemu, ambapo nta haitakiwi kwa sababu uzi huo huweza kulegea na kuanza kuteleza. Kisha, nilipoona mshumaa umeganda juu juu kama ukoko, niliupitisha upinde juu ya jiko la mkaa ili uyeyuke uingie ndani. Sikujua kwamba nyuzi nyingi za pote za siku hizi ni za poliethilini, ndugu wa plastiki ya madumu yetu ya maji, ila zimevutwa kwa namna inayozipa nguvu nyingi mno. Huyeyuka kwenye sentigredi 150 hivi, na hudhoofika mapema kabla ya kufika hapo.

Siku mbili baadaye upote ulianza kudondosha chenga nyeupe. Nikaubeba upinde hadi karibu na soko la Mbuyuni, kwa mjomba wangu, fundi viatu, nikiwa na nia ya kumwomba nta ya nyuki anayopitishia nyuzi zake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Huu umeupaka nini?”

“Mshumaa, mjomba.”

“Mshumaa unakaa juu. Uzi haunywi mshumaa.”

Aliuweka upinde mapajani, akakata uzi mwembamba wa nailoni, akauzungusha mara moja kwenye upote, akashika ncha zote mbili na kuuvuta taratibu kutoka juu kwenda chini. Uzi ule ulikwangua mshumaa pamoja na vumbi, na uchafu ukajikusanya mbele yake, wa kijivu, kama masizi yaliyochanganywa na mafuta. Kila alipofika kwenye sevingi aliuruka. Alipofika kwenye pipu, ile pete ndogo ya kutazamia iliyopachikwa katikati ya nyuzi, aliushika upote juu na chini yake kwanza ili isizunguke. Hajawahi kumiliki upinde maishani mwake, lakini vidole vyake vilijua kazi ile kuliko vyangu.

Kisha akasita. Vidole vitatu hivi juu ya kemu ya chini kulikuwa na uzi mmoja uliokatika, ncha zake mbili zimelala ndani ya ukoko wa mshumaa zisionekane kabisa. Kando yake nyuzi nyingine mbili zilikuwa zimebapa na kung'aa, zimeshikana. Hizo nilizijua: ni mkaa wangu.

“Hapa hapavutwi tena,” alisema.

Nilimbishia, na hadi leo nasikitika kwamba nilimbishia mtu aliyekuwa akiniokoa. Nilimwambia upote una nyuzi 24, zimebaki 21 nzima, na watoto wa binamu wananisubiri Jumamosi. Hakupandisha sauti.

“Kiatu kikikatika uzi mmoja, utatembea mpaka nyumbani. Hiki kikikatika, kiko usoni mwako.”

Alisema kweli tupu, kwani upote ukikatika wakati upinde umevutwa, nguvu yote ya mikono ya upinde hufyatuka bila mshale wa kuibeba, na vipande vya upinde huweza kumrukia mpigaji machoni. Mjomba alifunga uzi mwekundu pale palipokatika ili asije mtu akajisahau, na upinde ukakaa ukutani kwangu miezi mitatu, hadi upote mpya ulipoletwa na msafiri na fundi mmoja wa Usa River aliyekuwa na presi akaufunga.

Nilitoka kwa fundi huyo moja kwa moja hadi Mbuyuni, safari hii nikiwa na nta iliyotengenezwa kwa ajili ya pote, isiyonata kama nta tupu ya nyuki, ambayo kwa vumbi la Boma Ng'ombe ingegeuka gundi. Mjomba aliipaka kidogo sana, akaepuka sevingi zote, kisha akachukua ulimi wa kiatu cha ngozi uliokuwa kwenye boksi lake la vipande, akaukunja juu ya upote na kusugua kwa kwenda na kurudi mpaka ngozi ikapata joto mkononi. Joto hilo la msuguano lilitosha kabisa: nta ilizama, nyuzi zikakusanyika zikawa kitu kimoja cha mviringo, cheusi, kisicho na hata kinyweleo kimoja.

Aliniomba upote wa zamani, nikampa. Ulimi wa kiatu akanipa mimi, na umo ndani ya begi la upinde hadi sasa, umekuwa laini na mweusi, na katikati yake pana mfereji mwembamba.