Samaki wa Nabii Musa na maji mafu ya Manda

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu. Leo Ijumaa nimesoma Surat al-Kahf baada ya alfajiri, niko nyumbani Lamu, chuo kimefunga, na nilipofika pale kwa Nabii Musa alayhi salaam na kijana wake nikasimama sikuweza kuendelea, manake wiki hii kisa kile kimenigusa mpaka ndani.

Mnajua nasomea sayansi ya bahari, sasa mwaka wa nne. Tangu nianze watu wauliza mtoto wa kike wa Lamu aenda Mombasa kusomea bahari ya nini na bahari iko mlangoni kwao, na mimi badala ya kuwajibu vizuri nikaingiwa na kiburi, nikija likizo miti yetu ya mikoko naitaja kwa Kilatini, mlilana nauita Sonneratia, mchu nauita Avicennia, na Babu aliyekata boriti ujana wake wote ananitizama tu, hasemi kitu.

Projekti yangu ya mwisho ni kuhesabu mikoko upande wa Manda, kisiwa kilicho mkabala na Lamu. Lamu pekee ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya kwahivyo nilijiona nimebahatika. Nikapanga Jumamosi iliyopita kwasababu ndio siku mimi na mwenye boti tulikuwa na nafasi, mafuta nikalipa kwa pesa za mkopo zilizobaki, kamba tayari, ploti 12 za mita 10 kwa 10 nimezichora daftarini. Babu akauliza, leo mwezi ngapi? Nikamwambia tarehe. Akasema siulizi kalenda ya ukutani, nauliza mwezi. Ilikuwa siku ya nane tangu mwezi kuandama. "Hayo ni maji mafu mwanangu, mlilana hutoufikia." Maji mafu ni yale yanayoshuka kidogo tu. Nikaitikia kwa mdomo, nikaenda.

Sasa mlilana ndio unaotangulia mbele kabisa baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu mkandaa, na mchu kule karibu na nchi kavu. Tulingoja mpaka alasiri, maji yakashuka kidogo yakasimama pale pale, ploti zangu za mbele zote ziko chini, matope mpaka magotini, buibui nimelikunja, nahodha ataka kurudi. Nikarudi na ploti 4.

Kilichoniuma si mafuta. Swali hilo hilo nilijibu kwenye mtihani mwaka wa kwanza nikapata maksi zote, kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu jua na mwezi huwa mstari mmoja na nguvu zao zikajumlika likaja bamvua, maji yakajaa na kutoka sana, na mwezi ukiwa nusu zavuta pembe tofauti ndio yakaja maji mafu. Tena mimi nafunga ayyamul bidh kila mwezi, yaani siku za mwezi mpevu, 13, 14, 15, hesabu ya mwezi iko kichwani kwa ajili ya swaumu, na haikunijia kabisa kuwa ni mwezi ule ule unaovuta maji ya Manda! Masomo nimeyaweka huku, ibada huku, na Babu nimemweka kando.

Nabii Musa aliulizwa nani mwenye elimu zaidi akajibu ni yeye, ndio akaamrishwa aende zinapokutana bahari mbili kwa Khidhri, mja mwenye elimu asiyokuwa nayo yeye, na samaki watakapompoteza ndipo mahali penyewe. Yule samaki akaponyoka akashika njia yake baharini, wao wakapita mbele mpaka wakachoka, na kijana alipomkumbuka samaki Musa hakumkaripia, alisema pale ndipo tulipokuwa tukipataka, wakarudi kwa nyayo zao. Hapa hunitoka machozi. Nabii aliyesema na Mola wake anarudi nyuma alikopita, na akifika anaomba kwa upole, nikufuate unifundishe? Na imekuja kwenye hadithi kwamba ndege alitua ukingoni mwa jahazi akachovya mdomo baharini, na Khidhri akamwambia Musa elimu yangu na yako mbele ya elimu ya Mwenyezi Mungu ni kama alichochukua ndege huyu. Tukiwa maabara twapima chumvi ya maji kwenye kichupa, mimi humkumbuka yule ndege.

Usiku ule nilienda barazani nikakaa chini miguuni pa Babu nikamwomba radhi, nikamwambia nifundishe. Akanifundisha mpaka saa tano. Mwezi 15 maji hutoka kama saa nne asubuhi, kesho yake yachelewa karibu saa nzima, kesho yake tena vivyo hivyo, na usifuate makadirio bila kutizama upepo. Halafu akasema, haya, nisomee yale majina yako ya Kilatini. Nikamsomea yote polepole, akirudia.

Leo mwezi 14, nimefunga. Kesho tunatoka pamoja, magoti yake yanamsumbua lakini amekataa kubaki. Tuombeeni maji yatoke vizuri, na Mwenyezi Mungu amuweke Babu wangu. Amin.