Ngao ya rejeta tuliyoichomelea Massey ya mama

Kwa sisi wa Babati ukitaja 2017 kila mkulima anaelewa unaongelea nini, ndo mwaka mbaazi zilikosa mnunuzi. Mwezi wa nane India walitangaza ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao, tani laki mbili tu kwa mwaka, na mzigo wetu karibu wote ulikuwa unaenda huko huko, kwahiyo bei ikaporomoka mpaka shilingi mia na kitu kwa kilo wakati miaka michache nyuma watu walishauza kilo mpaka elfu mbili. Kwa bei ile hata kibarua wa kuvuna huwezi kumlipa. Watu wakaziacha shambani, zikakaukia pale pale na maganda yake.

Sasa mtu asiyelima mbaazi anaweza asielewe hiyo ina maana gani kwa mwenye trekta. Mbaazi zetu tunapanda pamoja na mahindi, mahindi yanatoka mapema, mbaazi inabaki inaendelea kurefuka mpaka inampita mtu, na shina lake sio bua, ni mti kabisa. Mwaka wa kawaida mkishavuna akina mama wanakata ile miti wanapeleka nyumbani kuni, kwahiyo trekta inakuta shamba jeupe. Mwaka ule hamna aliyekata. Mwezi wa kumi na moja mawingu yameanza kukusanyika, kila mtu anataka kulimiwa, na mashamba yamesimama kama pori.

Mama alikuwa na Massey Ferguson 290, ile nyekundu yenye injini ya Perkins silinda nne, used, ameinunua kwa hela ya hizo hizo mbaazi miaka zilipolipa akajazia na ng'ombe aliouza. Ada za wadogo zangu, dawa za bibi, matofali ya nyumba, vyote vilikuwa vinatoka kwenye ile trekta. Mi ndo nilikuwa nasimamia, natafuta mashamba, napima eka kwa kamba, nanunua dizeli. Kushika usukani alikuwa kaka mmoja mtu mzima ambaye ujana wake wote uliishia kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, mtu ambaye akisikia injini anakwambia inaumwa nini. Shoo ya mbele, ile grili ya kuikinga pua, haikuwepo tangu tunainunua, yaani ukisimama mbele ya trekta unaiona rejeta, kile kipoza maji ya injini, hiyo hapo uchi.

Siku hiyo tulikuwa shamba moja upande wa Galapo, mi nimekaa kwenye tuta namalizana na mwenye shamba, nikasikia feni imebadilika sauti, kama kitu kinakwaruza bati, alafu kaka akazima injini hapo hapo hata hajafika mwisho wa mstari. Nilivyofika mvuke unatoka na maji ya kutu yanachirizika kwenye eksel, kile chuma kilichobeba tairi za mbele. Kumbe eksel ya mbele inavyoulaza mti wa mbaazi kuna mingine hailali, inavunjika katikati na kile kipande cha juu kinafyatuka kinakuja mbele na ncha yake. Kipande kimoja unene wa kidole gumba kilikuwa kimeingia kwenye rejeta chini kidogo ya katikati, kimepinda zile bati nyembamba na kimetoboa mirija miwili, bado kina ganda moja la mbaazi limening'inia na punje zake ndani. Nilikishika nikakichomoa taratibu, maji yakazidi.

Kaka alivyozima haraka aliiokoa silinda hedi, yaani kichwa cha injini, hilo namshukuru mpaka leo. Rejeta ikafunguliwa, ikaenda mjini kwa fundi akapiga lehemu, ile mirija miwili akaiziba kabisa juu na chini. Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ni kwamba mashamba yote tuliyoahidi kulima yalikuwa na mbaazi zimesimama vile vile, ukirudisha rejeta bila kitu mbele ni suala la muda tu.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale mtaani, mzee mmoja anayetengeneza mageti na grili za madirisha, nikamsalimia nikamweleza. Akaniambia "Kijana, hiyo ndogo, nakubania nondo hapo mbele hata panya asipite." Na hapo ndo nilipobishana nae kwa heshima, kwa sababu nilishaona matrekta mawili matatu yamewekewa grili za namna hiyo, nondo zimebanana, nyuma yake wavu umelalia kwenye rejeta kabisa, na wenyewe wanalalamika injini inachemsha. Feni inavuta hewa kutoka mbele kupitisha kwenye rejeta, ndo inayopoza yale maji. Ukilima kwenye majani makavu ile feni inavuta na makapi, vumbi, maua, mbegu za nyasi, vyote vinakuja kuganda pale mbele, na kama wavu umegusana na rejeta basi makapi yameshaziba rejeta yenyewe. Unakuwa umeikinga isitobolewe alafu unaiua kwa kuinyima pumzi. Mi nilitaka ngao inayozuia mti lakini inapitisha hewa, na ambayo unaweza kuisafisha shambani bila spana.

Mzee akanisikiliza, akakaa kimya, akachukua chaki akaanza kuchora kwenye bati la geti la mtu. Nilimpenda sana kwa hilo.

Cha kwanza ilikuwa inafungwa wapi. Bonet ni bati tu, ukifunga pale mti ukigonga unakuja na bonet. Eksel nayo haifai, kwa sababu eksel ya mbele ya trekta inacheza kwenye pini yake ya katikati, tairi moja ikipanda tuta nyingine inashuka, ngao ukiifunga kwenye eksel itacheza nayo na itaing'oa rejeta. Kilichobaki ni lile pande la chuma cha kumwaga lililobeba eksel na rejeta kwa pamoja, ambalo kwa mbele lina matundu ya kufungia vile vyuma vya uzito. Sisi vyuma vya uzito hatukuwa navyo, matundu yamejaa udongo mgumu wa miaka. Tulikaa na dizeli, waya na brashi tunayachokonoa mpaka nyuzi za ndani zikaonekana, tukapeleka kipimo dukani tukapata bolti zinazoingia, zile zilizoandikwa 8.8 kichwani, sio hizi laini za kufungia vitanda. Kaka akasema pia chuma chochote kikikaa pale mbele ni faida, kwa sababu tukiinua jembe la diski tatu mbele kunakuwa kwepesi mpaka usukani haushiki vizuri.

Chini mzee akaweka chaneli nene ikapokea zile bolti. Juu yake nguzo mbili za paipu ya inchi mbili, moja kila upande, zimesimama mbele ya pua ya trekta kwa nafasi ya shibiri moja hivi, hiyo nafasi nilikuwa naisimamia kila wakati anapotaka kuipunguza. Kati ya nguzo zikapita nondo za milimita 12, na hapa kaka ndo alitoa akili ya Basotu. Akasema nondo za chini zisisimame wima, ziinamie nyuma kuelekea chini ya eksel, ili mti ukija uteleze uende chini badala ya kukwama na kufyatuka. Akasema pia usawa wa taa tuache wazi maana msimu ukichanganya tunalima mpaka usiku na nondo mbele ya taa inakupigia kivuli kwenye mstari unaoufuata. Mzee akazikunja zile za chini moja moja kwa nyundo juu ya reli aliyonayo, kila moja anaisogeza mbele ya jicho anaangalia kama imelingana na mwenzake.

Kabla ya kushika vipointi, yaani kuchomelea nukta chache za kushikiza tu, nilitoa kwanza waya wa betri. Ukichomelea chuma kikiwa kwenye trekta na betri imeungwa unaweza kuunguza altaneta, na altaneta ya 290 sio hela ndogo. Akashika vipointi tu ngao ikiwa mahali pake ili vipimo visihame, alafu tukafungua bolti tukaishusha chini akaichoma yote vizuri na vijiti vya geji 10, anapiga nyundo kuondoa gamba, anaangalia, anarudia pale palipobaki tundu. Mi nashika tu na kugeuza.

Mama alikuja wakati huo na chai kwenye chupa. Akasalimiana na mzee, akamimina, alafu akaenda akachuchumaa mbele ya rejeta, akapima kwa mkono ile nafasi. Nyumbani aliyekuwa anaosha rejeta ni yeye, jioni trekta ikirudi anachukua mpira wa maji anapiga kutokea upande wa feni kuja mbele, makapi yatoke kule yalikoingilia, hakuwahi kumwachia mtu hiyo kazi. Akauliza, "Fundi, na huo wavu utakaa wapi? Mimi mkono wangu unapita hapa?"

Mzee alikuwa amepanga kuuchomelea wavu nyuma ya nondo moja kwa moja. Mama akasema hapana baba, huo wavu ndo utakaojaa makapi kwanza, mtu akiwa porini peke yake autoe vipi? Uweke fremu yake, uwe unafunguka kama mlango.

Mzee akaitikia, "Sawa mama, umesema kweli," na hakubisha hata kidogo. Akatengeneza fremu ya flati ba, kile chuma bapa, tukakata wavu wa tundu la kupita punje ya hindi, sio ule mdogo wa kuchekechea mchanga maana ule unaziba upesi sana. Akaweka bawaba mbili kubwa za geti upande mmoja na upande wa pili pini ya kuchomoa, pini akaifunga kwa kipande cha mnyororo isipotee shambani. Mama akaijaribu yeye mwenyewe, akafungua akafunga mara kadhaa, akaomba bawaba ipakwe grisi.

Kabla ya kupaka rangi kaka akataka kuhakikisha kitu kimoja. Tukaifunga ngao, akapandisha tairi moja ya mbele juu ya gogo, mi nimelala chini naangalia eksel inavyopanda. Upande mmoja nondo iliyoinama ilikuwa inakaribia kugusa eksel, imebaki nafasi ya kidole. Mzee akaikata kwa grenda akairudisha juu kidogo, tukajaribu na tairi ya pili, ikapita. Tukaipaka redi oksaidi ya kahawia, mama alitaka nyekundu ya Massey lakini ile ndo ilikuwepo na hela ilikuwa imeisha.

Tulirudi kwenye shamba lile lile la Galapo. Nilitembea pembeni ya trekta mstari wote wa kwanza, siwezi kukaa. Miti inagonga nondo ko ko ko, unaona kabisa inafika kwenye ile sehemu iliyoinama, inasita, inateleza inaingia chini ya eksel, diski zinakuja kuifukia. Mmoja ulifyatuka ukapiga nondo ya katikati ukaruka pembeni, kaka hata hakupunguza mwendo, akaninyooshea tu mkono juu. Mshale wa joto ulikaa kwenye kijani. Baada ya mistari kadhaa ukaanza kusogea, akasimama, nikachomoa pini nikafungua ule mlango, wavu ulikuwa umevaa blanketi la majani na maua makavu, nikaupiga kwa kiganja yote yakamwagika chini. Nyuma yake rejeta safi, unaona lehemu mpya inang'aa. Nikafunga, tukaendelea, na mshale ukarudi ulikokuwa.

Ule msimu tulilima mashamba yote tuliyoahidi, na kwa hali ya hela ilivyokuwa mwaka ule kwetu, hilo lilikuwa kubwa sana. Nondo mbili zilipinda, chaneli ilibaki vile vile, rejeta haikuguswa tena.

Jirani mwenye Ford 6600 alikuja kupima kwa kamba, anataka ya kwake iwe hivyo hivyo. Nikamwambia pua ya Ford na mahali pa kufungia sio sawa na Massey, ailete trekta yenyewe kwa mzee, asipeleke kamba. Akaileta. Mzee alipoanza tu kuchora, cha kwanza alimuuliza, "Nyumbani kwako nani anaosha rejeta?" Jamaa akasema mke wake. Mzee akaweka chaki chini akamwambia aende amlete.