Mikate Saba ya Shujaa Aliyelala

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili nimekaa na simulizi ambalo halimo katika Biblia, ingawa mji wake umo. Fungueni Mwanzo 10:10, pale inapotajwa miji ya ufalme wa Nimrodi: "Babeli, na Ereku, na Akadi, na Kalne, katika nchi ya Shinari." Ereku ndio Uruk, na magofu yake yapo hadi leo kusini mwa Iraki, mahali paitwapo Warka. Mfalme aliyevuma huko kuliko wote aliitwa Gilgamesh. Watu wa Mesopotamia, nchi ya kale ilipo Iraki ya leo, walimsimulia kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakamwandika kwa mwandiko wa kabari juu ya vibao vya udongo, na utenzi wake mrefu unajaza vibao 12. Vingi vilifukuliwa Ninawi, mji uleule aliotumwa Yona, katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal.

Najua wengine mkilisikia jina hilo mnawaza gharika. Mwaka 1872, huko London, George Smith, msomaji wa vibao hivyo vya kale, alisoma kibao kinachosimulia mtu aliyejenga merikebu na kutuma njiwa juu ya maji, na tangu hapo mabishano hayajaisha. Leo naomba gharika tuiache ipite. Mimi nimeshikwa na jambo jingine: shujaa huyu, mara zote ninapomwona karibu na moyo wangu, ameshindwa.

Hata mwanzo wake si mzuri. Wanasema alikuwa theluthi mbili mungu na theluthi moja mtu, na nguvu zote hizo alizimalizia kwa raia wake. Hakumwacha kijana akae na baba yake, hakumwacha bibi arusi aende salama kwa mumewe. Watu wakalia. Na miungu yao, kwa mujibu wa simulizi, ikakisikia kilio, ukafinyangwa udongo akapatikana mtu wa kumkabili: Enkidu, aliyekulia nyikani akila majani pamoja na swala. Sisi tunaijua sauti iliyomwambia Musa, "Hakika nimeyaona mateso ya watu wangu." Inanigusa sana kwamba hata watu wasiomjua Mungu wa Ibrahimu walikataa kuamini kwamba kilio cha mnyonge kinaishia hewani.

Wale wawili walishikana mieleka mlangoni hadi kuta zikatikisika, kisha wakawa ndugu wa kufa na kuzikana. Wakaenda pamoja kwenye msitu wa mierezi kumwua Humbaba, mlinzi aliyewekwa na mungu Enlil. Hofu ilipowaingia walitiana moyo kwa kusema kwamba kamba ya nyuzi tatu haikatiki kirahisi. Nilipoyakuta maneno hayo nilirudi mbio kwenye Mhubiri 4:12, nikakaa kimya kwa muda. Humbaba aliomba aachiwe uhai wake, wakamwua. Iko sehemu ya kisa hiki ambayo haikujulikana hadi jumba la makumbusho la Sulaymaniyah, Iraki, liliponunua kibao kimoja mwaka 2011, maneno yake yakachapishwa mwaka 2014. Humo Enkidu anamwambia mwenzake kwamba wameufanya msitu kuwa jangwa, sasa watamjibu nini Enlil? Mierezi imelala chini, sifa zinawangoja mjini, na moyo umeshaanza kuuliza.

Kisha Enkidu akaugua. Siku kumi na mbili kitandani, akafa.

Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini. Gilgamesh anaugusa moyo wa rafiki yake, haupigi. Anamfunika uso kama afunikwavyo bibi arusi. Anazunguka kama simba jike aliyenyang'anywa watoto, anang'oa nywele zake, anararua mavazi yake ya kifalme na kuyatupa. Siku sita na usiku saba anamlilia, hataki azikwe, akidhani labda machozi yatamwamsha, mpaka funza anapodondoka puani mwa maiti. Walioandika hawakumsitiri mfalme wao. Walitaka tumwone vile.

Miaka michache iliyopita nilimpoteza rafiki niliyekua naye. Siku ya pili ya msiba mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alinivuta kando akanishika bega: "Jikaze, wewe ni mwanamume." Nikajikaza. Nilibeba jeneza, nilipanga viti, nilisimamia maturubai, nikawashukuru watu kwa niaba ya familia. Kilio changu kilikuja miezi saba baadaye, ndani ya daladala, kondakta akiniuliza kama naumwa. Tunawafundisha vijana wetu makanisani kwamba imani ni kukausha macho, na sioni tumeyatoa wapi. Daudi, aliyemwua Goliathi, aliomboleza waziwazi: "Jinsi mashujaa walivyoanguka!" akamwita Yonathani ndugu yake mbele ya taifa zima. Na kaburini kwa Lazaro, akijua vema atakachofanya dakika chache baadaye, "Yesu akalia machozi."

Baada ya msiba Gilgamesh hakurudi ikulu. Hofu ya kufa ilimwingia, akavaa ngozi za wanyama, akatangatanga kumtafuta Utnapishtim, yule aliyeokoka gharika na kupewa kuishi milele. Katika maandishi ya zamani zaidi ya kisa hiki, Siduri, mwanamke mwenye kilabu cha pombe ukingoni mwa bahari, alimshauri arudi nyumbani: ale ashibe, avae nguo safi, aoge kichwa, amtazame mtoto anayemshika mkono, amfurahishe mkewe. Someni Mhubiri 9:7-9 mkipata nafasi, mtaona jinsi mashauri hayo mawili yanavyofanana, chakula, mavazi, kichwa, mke. Tofauti ni kwamba Mhubiri anaifunga furaha hiyo kwa Mungu aliyekwisha kuzikubali kazi zako. Siduri hakuwa na wa kumtaja. Gilgamesh hakumsikiliza, akavuka maji ya mauti.

Utnapishtim akampa jaribio. Unataka kuishinda mauti? Anza na usingizi: kesha siku sita na usiku saba. Shujaa akaketi, na papo hapo usingizi ukamshukia kama ukungu. Mke wa Utnapishtim alimwonea huruma, akataka aamshwe arudi kwao salama. Mumewe akasema Gilgamesh atakana kwamba alilala, basi oka mkate kila siku, uuweke karibu na kichwa chake, na siku uziweke alama ukutani. Mama yule akaoka. Gilgamesh alipoguswa akaamka akisema, ndiyo kwanza nilikuwa nasinzia! Akaonyeshwa mikate. Wa kwanza ulikuwa umekauka, wa pili umekuwa kama ngozi, wa tatu umelowa maji, wa nne umegeuka mweupe, wa tano umeota ukungu, wa sita ni wa jana. Wa saba ulikuwa bado juu ya makaa.

Akasema mauti imo chumbani mwake, na kila aelekezapo uso ipo. Baadaye alipewa siri ya mmea wa kurudisha ujana, akauzamia vilindini, akaupata, na alipokuwa akioga kwenye kisima cha maji baridi nyoka akaunusa, akaubeba, akaenda zake akijivua gamba. Shujaa akaketi chini akalia, kisha akarudi Uruk mikono mitupu, akamwonyesha mwenzake wa safari kuta za mji wake na matofali yake ya kuchoma.

Nimeutazama sana ule mkate wa saba. Nimemkumbuka Petro, mtu wa upanga, aliyeapa kwamba hatamwacha Bwana hata ikibidi kufa. Usiku uleule, Gethsemane, akalala. "Hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja?" Siku saba zilimshinda Gilgamesh, Petro alishindwa na saa moja, na kabla jogoo hajawika akamkana mara tatu karibu na moto wa makaa. Halafu inakuja Yohana 21. Kumekucha, wamevua usiku kucha bila kupata kitu, mtu amesimama ufuoni. Petro anajitupa majini. Wanaposhuka pwani wanaona moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate.

Kule kwa Utnapishtim mikate ilipangwa kando ya kichwa ili ihesabiwe, na shujaa asipate la kujitetea. Petro naye alikuwa na ya kuhesabiwa, na makaa yale bila shaka aliyakumbuka. Yesu aliyeoka mkate huo alikuwa ametoka kaburini, ana makovu mikononi, naye hakuanza na hesabu. Akawaambia, "Njoni mfungue kinywa."