Ile beringi nimemsamehe

Jana binti yangu karudi kutoka mafunzo ya udereva amenuna. Mwalimu kamfokea mbele ya wenzake: "Toa mguu kwenye klachi! Hapo si pa kupumzishia mguu, unaua beringi!" Kavua viatu mlangoni, kaja kukaa karibu yangu. "Baba, beringi yenyewe ni kitu gani? Mimi hata sijaiona, nitaiuaje?"

Nikamchorea nyuma ya bili ya maji. Huku injini, huku giaboksi, katikati klachi. Ukikanyaga pedali, kuna uma unaisukuma beringi mbele, nayo inakwenda kubonyeza vidole vya presha pleti, vinavyozunguka pamoja na injini. Klachi inaachia, unabadili gia. Ukiondoa mguu, beringi inapumzika. Ukiuacha mguu pale juu, hata kwa uzito wa soksi tu, haipumziki. Akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi nikiwa na umri wake, akaenda zake kula. Mimi nikabaki na kalamu mkononi.

Ilikuwa Januari 1998. Ramadhani, na mvua za El Niño hazikujali nani kafunga na nani hakufunga. Ile Corolla DX ya Mzee, KE70 nyeupe, ilianza kulia. Ukikanyaga klachi, nyenze, ukiachia, kimya. Mzee akaizunguka siku mbili, kisha akatoa hukumu: "Tumshukuru Mungu. Ingelia nikiachia na kunyamaza nikikanyaga, hiyo ingekuwa beringi ya ndani ya giaboksi, tungeuza mbuzi. Hii ni rilizi tu, beringi ya klachi. Tutafunga wenyewe."

"Wenyewe" maana yake yeye na mimi. Yeye alikuwa karani wa bandari aliyestaafu, ufundi wake ulikuwa wa kusoma kitabu cha gari na kuthubutu. Mimi nilikuwa na miaka 19, na miezi minne ya kujifunza kuendesha, kwa gari hilohilo. Hakusema neno kuhusu hiyo miezi minne. Alisema tu, "Beringi hufa," akatia kofia kichwani, akaenda Ngamiani, pale Tanga mjini, kununua nyingine.

Kazi yenyewe siielezi yote. Gari tulilipandisha juu ya magogo chini ya kibanda cha makuti, tairi la akiba tukalilaza chini ya ubavu ili magogo yakituangusha gari lisitulalie sisi. Tukachomoa waya wa betri, tukatoa mti wa gia kutoka ndani, tukafungua propela shafti. Kule nyuma ya giaboksi oili hutaka kumwagika ukishachomoa shafti, basi Mzee akaziba kwa mfuko wa rambo na kipande cha mpira wa baiskeli. Bolti mbili za juu za giaboksi zilikula asubuhi nzima. Usiniulize zaidi.

Lile rambo likavuja. Ambaye hajawahi kuonja oili ya gia namwambia tu kwamba harufu yake ni kitunguu kilichooza kikachanganywa na kiberiti, na ladha ni hiyohiyo. Tone lilinidondokea mdomoni nikiwa chali, mikono yote miwili imeshika chuma.

"Baba, nadhani nimemeza."

"Unadhani au umemeza?"

"Sijui."

Akanyamaza kidogo, naye yuko chali vilevile, kichwa chake karibu na changu. "Hukukusudia. Saumu yako ipo. Tema, halafu shika giaboksi."

Tukaishusha vifuani kama mtoto aliyelala. Beringi ya zamani ikatoka. Ukiizungusha inasaga kama jino bovu. Wakati huohuo kukaadhiniwa Alasiri. Mzee akatambaa nje, akajisugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka kwenye viwiko, akanipa maagizo akiwa ameshaanza kuondoka: nifute meno ya shafti, nitie grisi kiasi cha punje ya mpunga, isizidi, maana ikizidi itarukia kwenye klachi. "Na ile mpya usiiguse. Nitaivisha mwenyewe."

Ilikuwa juu ya stuli, ndani ya boksi lake. Nilitaka kuiona tu. Karatasi yake ilikuwa na mafuta mafuta, nayo ilikuwa nzito kuliko umbo lake, baridi, inang'aa, na ukiizungusha ilikwenda polepole bila sauti yoyote, kama mtu anayekataa kuharakishwa. Nikaizungusha mara ya pili. Mara ya tatu vidole vyangu, vilivyokuwa na oili ya gia hadi kwenye makucha, vikaiachia. Haikuanguka juu ya gunia tulilotandika. Ilianguka pembeni, kwenye mchanga uliolowa mvua, ikabingirika, ikalala kifudifudi.

Nilipoiinua ilikuwa kama andazi lililopakwa sukari.

Niliifuta kwa shati, mchanga ukazidi kuingia pembeni. Nikapuliza. Nikasikia msikitini imamu ameanza, nikapiga hesabu: rakaa nne, dua, na Mzee husalimiana na kila mtu. Kando ya mguu wangu kulikuwa na kopo la Blue Band lenye petroli ya kuoshea nati. Nikaitumbukiza. Nikaizungusha mlemle ndani, nikaitoa, nikaitumbukiza tena, petroli ikawa na rangi ya chai ya maziwa, na mimi nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Haikunijia hata kidogo kwamba beringi mpya haina uchafu wa kutoka. Ile rangi ilikuwa grisi yake, iliyofungiwa ndani kiwandani ili ikae humo maisha yake yote.

Nikaikausha kwa upepo wa mdomo. Nikaizungusha. Ikaruka! Ilizunguka peke yake, nyepesi, na sauti kidogo ya kunong'ona. Wallahi nilidhani nimeitengeneza. Nikapaka grisi kwa nje ili ing'ae kama mwanzo, nikairudisha kwenye karatasi yake, nikaanza kufuta meno ya shafti kwa bidii ya mtu asiye na kosa.

Mzee akarudi, kanzu imelowa. Akaitoa kwenye boksi, akaishika karibu na sikio, akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Ya Japani hiyo. Tazama wepesi wake."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Akaibana kwa klipu zake. Giaboksi ikagoma kuingia mara mbili, ya tatu nikazungusha shafti ya nyuma kidogo kidogo, meno yakakutana na meno, ikaingia kwa sauti ya kumeza. Bolti mbili zilikuwa bado, Mama akaita kwamba tende zinatungoja. Tulifuturu mikono ikinuka. Usiku tukawasha gari: kimya. Mzee akanipiga bega. Nilikula tambi nyingi sana siku ile.

Mfungo Tatu haujaandama, nyenze wakarudi.

Safari hii fundi wa mtaani ndiye aliyeifungua, na Mzee akaikunja ile beringi kwenye gazeti, akaenda nayo dukani. Nilikuwa nyuma yake. Duka lilikuwa na wateja. Muuza spea, mtu mzima wa kofia na miwani, akaigeuza geuza. "Hii imekauka, ndugu yangu. Ndani haina grisi hata chembe."

"Ndivyo ulivyoniuzia."

"Siuzi bandia."

"Basi hii ni nini?"

Yule mzee akaapa. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti barabarani, akainua. Wateja wawili wakaondoka. Mimi nilikuwa natazama mikanda ya feni iliyotundikwa ukutani, nasoma namba zake moja moja. Mwishowe muuza spea akavuta droo, akatoa boksi jipya, akaliweka juu ya kaunta. "Chukua. Hela sitaki. Mimi na wewe tusivunjiane heshima kwa chuma." Mzee akalichukua. Hakukanyaga tena duka lile, na kila aliyemuuliza wapi pa kununua spea alielekezwa kwingine, na sababu akapewa.

Ile ya tatu ilidumu mpaka gari linauzwa 2003. Ushahidi huo, utasema. Lakini kufikia wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kuondoa mguu kwenye klachi, kwa hiyo huenda ni petroli, huenda ni mguu wangu. Na siku nikiwa na moyo mbaya zaidi hujiambia kwamba bandia zilikuwepo kweli mjini, nani ajuaye. Nimeijaribu hiyo ya mwisho mara nyingi. Hainikai vizuri, ila sijaitupa.

Muuza spea alifariki 2015. Mzee alinipigia simu: "Njoo tukamzike jirani yetu wa zamani." Baada ya udongo na dua, jamaa yake mmoja akasimama akatangaza, kama ilivyo desturi: aliyekuwa akimdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Mzee akaniinamia sikioni. "Ile beringi," akasema, "nimemsamehe."

Nilikuwa natazama kandambili zangu. Nusu ya pili ya tangazo lile ndiyo ilikuwa yangu. Nikaenda kwa mtoto wa marehemu, nikampa mkono na ndani yake noti, nyingi kuliko bei ya beringi yoyote ya KE70. Akanishukuru kwa ubani. Sikumsahihisha. Kama deni linalolipwa kwa jina la ubani linahesabika, sijamuuliza sheikh, na sidhani kama nitamuuliza.

Leo asubuhi binti yangu ameibandika ile bili ya maji kwenye mlango wa friji, mchoro nje, kiasi cha kulipa ndani. Jumapili tunakwenda Tanga, na amesema ataichukua akamwonyeshe Babu kwamba sasa anaijua klachi. Babu ana miaka 81, sikio moja halisikii vizuri, lakini neno beringi atalisikia. Najua hadithi ataianzia wapi. Ataianzia dukani.