Chokaa juu ya matumbawe, na jongoo walioniokolea mboga

Kama shamba lako liko Kakamega au Nyeri, haya hayakuhusu. Mimi niko Bamburi, Mombasa. Nalima nyuma ya nyumba, kipande ambacho matatu mbili zikiegeshwa hapabaki kitu, na ukichimba shubiri moja tu jembe linagonga jiwe. Chini ni matumbawe matupu. Leo mchicha wangu unafuatwa mlangoni kabla ya adhuhuri, na wale walioniambia hapa hapaoti kitu ndio wateja wa kwanza.

Aliyenichosha roho ni kijana mmoja wa duka la agroveti. Nilimweleza kwamba majani ya mabenda yangu yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Hakuniuliza nalima wapi. "Mama, mchanga wako una asidi. Tia chokaa." Nikatia. Nilinunua magunia, nikamlipa na hamali wa mkokoteni, nikanyunyiza kila mahali kwa bidii zote. Haukupita muda kunde nazo zikawa manjano, na hata mnavu, ambao siku zote huota wenyewe pembeni mwa choo bila kuombwa, ukadumaa.

Shangazi yangu wa Mji wa Kale alipokuja na kuona yale magunia alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hiyo chokaa wadhani yatoka wapi? Si matumbawe haya haya yachomwayo tanuuni?" Yaani nilitoa pesa kununua kitu ninachokikanyaga kila siku.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia kwenye maharusi. Nilitia mchanga mkavu wa shambani kwenye kikombe, ule wa pembeni ambao haukuguswa na chokaa ya duka, nikaumiminia siki. Ukachemka, povu likapanda. Nikafunga mwingine kwenye karatasi, nikatia mkobani pamoja na chupa ya siki, nikapanda tuktuk moja kwa moja hadi dukani kwa yule kijana. Nikangoja wateja wajae kidogo. Kisha nikamwaga mchanga juu ya kaunta yake, siki juu yake, tssss! Nikamwambia, "Mwanangu, mchanga wenye asidi hauchemki ukitiwa siki. Unaochemka hivi umejaa chokaa tayari." Bwana mmoja aliyekuja kununua chanjo ya kuku akaomba nirudie, nikarudia. Kijana akajikuna shingo, akasema, "Basi Mama, labda ujaribu jivu." Jivu! Jivu na chokaa kazi yao moja. Nikafunga chupa yangu nikaenda zangu.

Ukweli ni kwamba umanjano ule ni wa mmea kukosa chuma: kwenye mchanga wa matumbawe kipo, ila chokaa imekifunga na mmea haukipati. Kinachokifungua ni mboji, tena nyingi. Wapo walionishauri ninunue lori zima la mchanga mwekundu. Kwa bei ile ningekula mboga za soko la Kongowea mwaka mzima na chenji ikabaki.

Kwani mboji Bamburi ni habari ngeni? Yale machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa la mawe meupe. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, alianza kupanda miti mle. Alijaribu aina 26, zikahimili tatu tu, na iliyoshika kweli ni mvinje. Lakini majani ya mvinje ni magumu, yalilala chini bila kuoza, mpaka ilipoonekana kwamba jongoo wanayala. Jongoo wakaletwa kwa mamia, wakala, wakanya, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo. Leo pale ni msitu, watu wanalipa kiingilio kutazama twiga na viboko.

Nikasema, jongoo mbona hata kwangu wapo? Masika yakianza wanapanda mpaka kitandani. Niliwaahidi watoto wa jirani mahamri, wakanijazia ndoo. Nikapanga matofali pembeni kivulini, nikatia majani ya mvinje niliyofagia, samadi ya mbuzi na maganda ya jikoni, nikawamwaga humo. Rundo lisikauke, jongoo hapendi jua. Wala usiwapeleke kwenye miche michanga, wataitafuna. Peleka mboji yenyewe ikishakuwa nyeusi.

Chini ya shimo la kupandia natandika makumbi ya nazi. Wauza madafu wanayatupa, wengine wanakushukuru ukiwaondolea. Yaloweke kwanza na uyamwage yale maji ya kahawia, halafu yakatekate kwa panga. Yanashika maji siku kadhaa, hata kaskazi inapokausha kila kitu.

Maji ya kisima changu yana chumvi, ukinawa uso utajua. Basi namwagia jioni, shinani, kamwe si juu ya majani, na mchanga naufunika kwa nyasi kavu ili jua lisivute maji juu na kuacha chumvi pale mizizi ilipo. Maji ya mfereji kutoka Baricho yakija, nayawekea miche peke yake. Maharage niliyafuta kabisa, hayana subira na chumvi. Mchicha hauna neno.

Wadudu weusi wanaojibandika chini ya majani ya kunde nawanyunyizia maji ya mwarobaini: majani yaliyotwangwa, yakalala usiku kucha, yakachujwa kwa leso kuukuu, na kipande cha sabuni ili dawa ishike. Jioni tu, maana jua linaiua dawa. Gharama yake ni sabuni.

Hoho bado zinanikatalia, sijui zinataka nini. Mabenda yamerudi kijani mpaka ncha, nauza fungu kwa bei ya kujuana. Wanaoniulizia jongoo: siwauzi. Njoo masika na ndoo yako, watoto watakuokotea, mahamri juu yako. Na majani ya mvinje uje nayo, maana mti wa jirani tumeshaufagia mpaka mwenyewe analalamika.