Chini ya mwembe: nini kitaota, nini kitakufa

Wengi hapa Tanga huamini chini ya mwembe hapaoti kitu kwa sababu ya giza. Giza lina mchango wake, lakini kinachoua miche zaidi ni kiu. Mizizi midogo ya mwembe imejaa karibu na uso wa udongo, na majani yake hunyaka manyunyu kabla hayajafika chini.

Kabla ya kununua mche, patazame mahali penyewe saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Rudia miezi mingine. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta: Juni jua hupita upande wa kaskazini, ukuta wa kusini wa nyumba ukakaa kivulini, Desemba jua limehamia kusini na ukuta uleule unaungua. Makangaga yaliyopandwa hapo masika hunawiri kipupwe chote, kisha mwisho wa mwaka yanababuka, na lawama wanapewa mchwa.

Chini ya mwembe wenyewe, anza na tangawizi na manjano. Kata vipande vya sentimita 4 hadi 5, kila kimoja na macho mawili, uviache siku mbili jeraha likauke. Zika sentimita 5 kwenda chini, nafasi ya sentimita 25 hadi 30, masika yanapoanza Machi. Tangawizi huvunwa baada ya miezi 8 au 9, majani yakinyauka. Haitazaa kama ya juani, ila chai haitaikosa.

Jembe likigonga mzizi mnene kuliko kidole gumba, sogea pembeni. Wala usirundike udongo shinani ili upate tuta. Gome lililofukiwa huoza. Penye mizizi iliyosongamana tumia ndoo kuukuu zilizotobolewa: udongo sehemu mbili, samadi iliyooza moja, mchanga nusu (usiwe wa ufukweni, una chumvi). Zipandishe juu ya matofali, la sivyo mizizi ya mwembe itaingia kwa matundu ya chini na kunywa kila unachomwaga.

Magimbi yapeleke kwenye maji, karibu na bomba linalovuja.

Na ua la Usambara, lile lililopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893 kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa hapa? Kwao ni miamba yenye unyevu na kivuli. Mjini liweke chunguni, dirisha la mashariki, na umwage maji kwenye kisahani: maji baridi yakitua juu ya majani yenye manyoya huacha madoa, na yakituama katikati huozesha kitovu. Nunua lililooteshwa kitaluni, si lililong'olewa msituni.

Asumini na mrihani usijisumbue nazo. Kivulini hurefuka, huinama kufuata mwanga, na asumini hata ua haitoi.